Jaji Tuliyemsoma kwa Siku Moja

Katika hukumu yake, jaji aliandika kwamba shahidi wa pili wa utetezi alikuwa amefundishwa. Shahidi huyo ni mama mzazi wa mshtakiwa, mkulima wa Muyama, na kabla ya siku ile hakuwahi kukanyaga mahakamani. Mwanawe alihukumiwa kunyongwa. Aliyemfundisha mama huyo ni mimi.

Mwaka 2014 nilikuwa karani katika ofisi ya wakili mmoja mjini Kasulu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, karibu na soko. Nilipokea wateja, nilichapa hati, nilipeleka nakala mahakamani na kuzirudisha zikiwa na mihuri. Wakili hakuwa Mha, alitoka Tabora, na ingawa alikaa Kasulu miaka mingi, Kiha chake kiliishia kwenye salamu. Mteja akianza kueleza jambo kwa urefu, wakili alinitazama mimi, nami nikawa sikio lake na mdomo wake.

Kesi ya kijana wa Muyama ilimfikia kwa kuteuliwa. Mtu akishtakiwa kwa mauaji na hana uwezo wa kuweka wakili, serikali humpa mmoja. Marehemu alikuwa jirani, waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba la migomba. Aliuawa kwa panga, mchana. Shahidi mmoja alisema alimwona kijana akitoka migombani mnamo saa nane. Mama alisema mwanawe hakuwapo kabisa, kwamba muda huo alikuwa nyumbani kwa mama, mwendo wa karibu saa nzima kutoka pale, wakipura maharage. Hakukuwa na mwingine aliyewaona wakipura. Kwa hiyo kesi yote ya utetezi ilisimama juu ya mama mmoja. Akiaminiwa, kijana anarudi Muyama. Asipoaminiwa, anakwenda kwenye kamba.

Wiki tatu kabla ya kikao tukasikia kwamba jaji tuliyemzoea amehamishwa. Atakuja mwingine, ataanza na kesi za Kibondo kisha ateremke Kasulu. Hakuna wakili wa kwetu aliyewahi kusimama mbele yake.

Mtu asiyefanya kazi hizi anaweza kufikiri kwamba wakili hujiandaa kwa kusoma sheria. Sheria huwa ameshaisoma. Jaji akiwa mgeni, kinachosomwa ni jaji. Wakili alianza na simu. Alimpigia mwenzake aliyekuwa akifanya kazi huko kusini, alikotoka yule jaji, akaiweka simu kwenye spika ili niandike.

"Msomi," alisema wakili, maana mawakili huitana hivyo, "mnatuletea mtu gani huku?"

"Tunawaletea saa ya ukutani, msomi!" Yule wa kusini alicheka. "Saa tatu kamili yupo kitini. Ukiingia saa tatu na dakika mbili, bora usingizie msiba. Na usimwambie 'kwa heshima na taadhima'. Atakuuliza heshima iko ukurasa wa ngapi."

"Anacheka lakini?"

"Nimemwona akicheka mara moja. Mteja wangu akala miaka thelathini."

Nikaandika: saa tatu kamili, maneno mafupi, asisifiwe. Kisha nikaenda kwenye duka la intaneti na kukaa nusu siku nikishusha hukumu zake za zamani, ukurasa mmoja baada ya mwingine, mtandao ukikatika na kurudi. Tulizisoma pamoja, wakili na mimi, yeye akipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Jambo moja lilijirudia kila hukumu. Jaji huyu alipenda saa. Shahidi akisema "jioni jioni", aliandika kwamba ushahidi haueleweki. Shahidi akisema "saa kumi na moja kasorobo", alimwamini.

"Umeona?" wakili akaniambia. "Huyu ukimpa namba, umempa ushahidi."

La mwisho lilikuwa kwenda kumwona kwa macho. Kikao kilipofunguliwa Kibondo, tulifunga ofisi tukapanda gari asubuhi na mapema, tukafika tukiwa wekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Tulikaa benchi la nyuma kabisa kama ndugu wa mshtakiwa. Jaji aliingia saa tatu kamili. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani, aliyeandika kila kitu kwa mkono wake bila kuharakisha. Nilikuwa na daftari magotini.

Shahidi wa tatu siku hiyo alikuwa mzee wa upande wa Kakonko. Kwetu Buha, mtu wa umri ule haongei na mkubwa hivi hivi. Huinama kidogo, hupiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa, halafu ndipo hujibu. Ndiyo salamu, ndiyo pia namna ya kusema nimekusikia. Mzee aliulizwa jina, akapiga makofi, akajibu. Akaulizwa kijiji, akapiga makofi, akajibu. Alipoulizwa swali la tatu na kuanza tena, jaji akaweka kalamu chini.

"Mzee, acha hayo makofi. Jibu swali."

Mkalimani akayageuza maneno yale kwa Kiha, tena kwa ukali kuliko yalivyosemwa. Mikono ya mzee ikabaki hewani. Wakili akanigusa kwa kiwiko. "Andika hilo," akanong'ona. "Piga mstari."

Nikaandika: hataki makofi. Nikapiga mstari mara mbili.

Wakati wa chai tulikutana na mawakili wengine wawili wa Kigoma katika mgahawa mbele ya mahakama. Walikuja kwa kazi ileile. Walikuwa na orodha kama yetu.

"Mimi nimeandika hapendi kikohozi," mmoja akasema huku akichovya andazi. "Nimekohoa, akanitazama kama nimeiba."

"Umekohoa kama trekta," mwenzake akamjibu. "Hata mimi ningekufunga."

Tulicheka sana. Kesho yake wakili alikuwa na shauri kwenye baraza la ardhi Kasulu, hivyo jioni ileile tuligeuza. Siku moja ilitosha, tuliona. Nilikuwa na kurasa nne zilizojaa na nilijisikia mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Mama alikuja ofisini siku mbili kabla ya kesi. Alitembea tangu alfajiri, amefunga kitenge chake cha kanisani, na kwenye kikapu alituletea maharage. Wakili alimpitisha kwenye maelezo yake mara moja, mimi nikitafsiri, kisha akaniambia, "Sasa mfundishe kusimama. Mimi nafuata jalada mahakamani."

Niliweka kiti, mgongo wake ukawa ndio ubao wa kizimba. Nikamwambia ashike mgongo wa kiti kwa mikono miwili na asiuachie. Nikakaa mezani nikawa jaji.

"Mama, unaitwa nani?"

Akaachia kiti, akainama, akapiga makofi.

"Hapana, Mama. Mikono."

"Nimesahau, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, akacheka, akashika tena. Swali la pili akaachia tena. Tulirudia hivyo mara nyingi. Nilimwambia pia asiangalie chini. Kwetu, kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu, lakini nilisoma mahali kwamba majaji humwona anayeangalia chini kuwa mwongo. Mama alijaribu kunitazama usoni, macho yakamtoka machozi kwa kukaza.

Mwenye nyumba wetu, yule muuza vitenge, ambaye wazee wake walitoka pwani, alisimama mlangoni na futikamba yake shingoni.

"Karani, unamfundisha mama wa watu gwaride?"

"Jaji mgeni hataki makofi, Mzee."

"Kwani makofi yamemuua nani?" akauliza. "Mwache mama aseme kama anavyosema. Hivi alivyo sasa, mimi mwenyewe namshuku."

Nikamwambia kazi za mahakama hazifanani na za dukani. Akacheka, akaenda zake.

Kisha tukafika kwenye muda. Nilimuuliza mwanawe alifika nyumbani wakati gani, akajibu kama alivyojibu siku zote: jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa Burundi. Muyama ukisimama uwanjani, Burundi ndiko jua linakozama. Kila mtu kule anaelewa. Lakini nilikuwa na hukumu za jaji kichwani, na mistari myekundu.

"Mama, hiyo ni saa nane," nilimwambia. "Sema saa nane mchana."

"Saa nane," akarudia.

"Hivyo hivyo."

Sikuona ubaya wowote. Niliona natafsiri, kama nilivyotafsiri kila siku.

Siku ya kesi mahakama ya Kasulu ilijaa hadi madirishani. Kijana alitoa ushahidi wake kwanza, kwa sauti ya chini, akaulizwa maswali, akashuka. Mama alikuwa amekaa nje, kama ilivyo kawaida ya shahidi ambaye hajaitwa, hivyo hakusikia lolote. Mimi nilikaa nyuma ya wakili. Aliitwa, akaingia, akapanda kizimbani, akashika ubao kwa mikono miwili. Nilifurahi. Alikumbuka.

Jaji aliinua uso, akamtazama, akatabasamu. Yule jaji wa saa ya ukutani alitabasamu.

"Mwakeye, Mama," akasema.

Ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Watu waliguna kwa kupendezwa. Mmoja wa wazee wa baraza, wale wananchi wanaokaa na jaji kutoa maoni, alicheka kabisa. Mama ndiye peke yake ambaye hakucheka. Vidole vyake vilikaza ubao, macho yakamwelekea jaji bila kupepesa, akajibu kwa Kiswahili, kama nilivyomfundisha:

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Tabasamu la jaji likaondoka polepole. Sikujua bado nimekosea wapi, ila nilijua tayari nimekosea.

Wakili alimwongoza. Alijibu upesi, maneno machache. Mwanawe alikuwa wapi? Nyumbani kwangu. Wakifanya nini? Kupura maharage. Tangu wakati gani? "Saa nane mchana." Wakili akakaa, ameridhika.

Wakili wa serikali akasimama. Alikuwa kijana mpole, asiyepandisha sauti.

"Mama, pole na safari. Una saa ya mkononi?"

"Sina."

"Simu?"

"Sina."

"Nyumbani kuna redio?"

"Ilikufa."

"Sasa hiyo saa nane ulijuaje?"

Niliona mkono wa kulia wa Mama unaachia ubao. Uliinuka, wa kushoto ukaufuata, viganja vikaanza kukutana kama alivyozoea anapotafuta jibu. Halafu akakumbuka. Akageuka akanitazama mimi. Mikono ikarudi kwenye ubao.

Jaji aliyaona yote hayo.

"Mama," alisema, na mkalimani akafuata kwa Kiha, "umemtazama nani?"

Mama hakujua kwamba swali lile lina hatari. Hakuwa mtu wa kuficha. Alinyoosha kidole. "Mwanangu yule pale, wa ofisi ya wakili."

"Alikuambia nini?"

"Nisipige makofi. Nishike hapa. Nikutazame machoni. Nijibu upesi."

Kalamu ya jaji ilifuata kila neno. Wakili wangu hakugeuka kunitazama, lakini niliona shingo yake juu ya joho ikiloa jasho.

"Na kingine?" jaji akauliza.

Niliomba ardhi ipasuke. Kama angesema saa nane nimempa mimi, tumekwisha. Asiposema, ni uongo mbele ya jaji na baada ya kiapo, na Biblia aliishika nusu saa tu iliyopita.

"Mengine ni yangu," alisema mama.

Jaji aliinama akaandika. Aliandika kwa muda mrefu. Hakuuliza tena.

Mchana ule karani aliyefuatana na jaji alinipa habari nyingine. Tulikuwa tukisubiri kopi, nikamuuliza kwa nini bosi wake alikataa makofi Kibondo na leo anataka kusalimiana. Alinishangaa.

"Ile ilikuwa siku ya kwanza tu. Anaandika kwa mkono, alidhani mzee anavuta muda. Kesho yake asubuhi aliwauliza wazee wa baraza, wakamweleza ni heshima. Akasema hadharani kwamba shahidi asalimie kama kwao wanavyosalimia. Mzee wa Kakonko aliitwa tena akamalizie, akapigiwa makofi na jaji mwenyewe! Nyinyi si mlikuwapo?"

"Tuliondoka jioni."

"Ah," akasema. "Basi tangu hapo amesikiliza wazee zaidi ya ishirini, wote wanapiga makofi. Wa kwenu ndiye wa kwanza kusimama kama askari magereza."

Nilibaki nimeshika zile kopi. Mimi ni Mha. Bibi yangu mwenyewe hakuweza kuomba maji bila kupiga makofi. Kati ya wote waliokuwa katika chumba kile cha Kibondo, mimi ndiye sikuwa na haki ya kutojua. Ila niliandika nilichoambiwa niandike, nikapiga mstari mara mbili.

Wazee wa baraza wote watatu walisema kijana hana hatia. Mmoja alisema anamwamini mama kwa sababu mama anayetaka kudanganya angejiandaa vizuri zaidi. Lakini maoni yao hayamfungi jaji. Hukumu ilisomwa siku ya nne. Jaji aliandika kwamba alimtazama shahidi kwa makini, kwamba mwenendo wake kizimbani haukuwa wa asili, kwamba alitaja saa asiyokuwa na njia ya kuijua na akamtafuta mtu kwa macho alipoulizwa. Kwa hiyo hawezi kumwamini. Bila mama, hakukuwa na kilichobaki.

Alipotamka adhabu, mkalimani alichelewa kidogo kuigeuza. Katika ule muda mfupi mama aliendelea kumtazama jaji machoni, wima, mikono yake imeshika benchi la mbele. Bado alikuwa akifuata nilivyomwambia. Kisha mkalimani akasema kwa Kiha, na mama akakaa chini sakafuni, si kwa kuanguka, bali kama mtu anayekaa kupumzika.

Nje aliniuliza, "Nilikosea wapi, mwana wanje?"

"Hukukosea, Mama."

"Nilishika ubao?"

"Ulishika."

Wakili alitoa taarifa ya rufani siku ileile. Wiki chache baadaye aliniita, akanisogezea karatasi mbili zilizochapwa na yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Ilikuwa hati ya kiapo kwa jina langu. Aliniambia majaji wa rufani hawatamwona mama, watasoma maandishi tu. Tukiwaonyesha kwamba alichofundishwa ni kusimama na si kusema, watakuwa na sababu ya kumpima upya.

Nilisoma. Aya ya kwanza, mimi ni nani. Ya pili, nilimfundisha shahidi namna ya kusimama, kwa kuogopa kumuudhi jaji tusiyemjua. Zote mbili kweli. Ya tatu ilisema: "Kwamba sikumfundisha shahidi neno lolote la ushahidi wake."

"Saa nane," nikamwambia.

"Ulitafsiri. Jua kuelekea Burundi ni saa nane."

"Inaweza kuwa saa saba. Inaweza kuwa saa tisa na nusu."

"Sasa kwa nini ulisema nane?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, ingawa nilijua. "Kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye jalada la mashtaka. Ndiyo saa tuliyokuwa tunaihitaji."

Alivua miwani. Tulisikia mwenye nyumba dukani akipasua kitambaa kwa mteja.

"Ukiondoa aya ya tatu," alisema baadaye, "kiapo hakina kazi. Ukiandika hilo la saa, umemthibitisha jaji, na kijana umemfunga kamba wewe. Ukiiacha kama ilivyo na ukasaini, ni uongo chini ya kiapo. Siwezi kukuamulia."

Nilimuuliza kama yeye anaamini mama alisema kweli. Akasema anaamini. Nami naamini, hadi leo. Maharage yale aliyotuletea kwenye kikapu tulikula wiki nzima, na kila nikiyachambua nilimwona kijana amekaa uwanjani Muyama na fimbo ya kupuria mkononi, jua likielekea Burundi. Lakini kuamini si kitu ninachoweza kuapia.

Mama alifika ofisini mara nyingi baada ya hapo, siku za soko. Aliuliza swali moja tu, kama tarehe imetoka. Nilimwambia bado mwenendo wa kesi haujachapwa, kwa maana kila neno lake lilikuwa kwenye mwandiko wa jaji na lilipaswa kuchapwa kwanza. Hata yale maneno "mengine ni yangu", kama yaliandikwa au hayakuandikwa, hatukujua. Hakuwahi kunisema kuhusu saa nane, wala hakuwahi kuitaja. Kuhusu kiapo sikumwambia.

Niliacha kazi mwisho wa mwaka 2015 nikahamia Kibondo. Siku ya kukabidhi majalada nilifungua la kijana wa Muyama. Rufani ilikuwa haijapangiwa tarehe. Kiapo kilikuwa juu ya karatasi zote, jina langu limechapwa chini, na nafasi ya saini ilikuwa tupu.